Kila Nikimuuliza Anawasha Mashine ya Meno

Shangazi, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla sijavunja kitu ndani ya nyumba hii, na kitu chenyewe nakijua, ni cheupe, kina tangi dogo la maji na ncha nyembamba mbele, na kazi yake ni kurusha maji kwa nguvu katikati ya meno ili mabaki ya chakula yatoke. Siwezi kusema kiliingia kwa shari, Shangazi, maana mume wangu alikuwa anavimba ufizi kila akila nyama, anachokonoa meno kwa njiti za kiberiti mbele za watu mpaka nageuka pembeni, daktari wa meno akamwambia apitishe uzi kati ya meno kila siku, akashindwa, akasema uzi ni wa kushonea nguo, ndipo akashauriwa anunue mashine hiyo ya maji, akanunua, uvimbe ukaisha, harufu ikaisha, nami nikamshukuru Mungu. Kumbe nilishukuru mapema.

Mume wangu ni mwalimu wa udereva. Kutwa anaongea, "kanyaga klachi, achia taratibu, tazama kioo, wewe mama nimesema tazama kioo," kwa hiyo akirudi nyumbani huwa hana maneno mengi, na hilo nililizoea tangu tulipooana. Mimi ni fundi cherehani kwenye karakana ya kushona sare za shule, na mwezi huu bosi aliniita ofisini akaniambia wanafungua karakana nyingine katika mji wa mbali, safari ya siku nzima kwa basi, na wanataka mimi nikawe msimamizi, niwe na mafundi chini yangu, niwe na ofisi yenye mlango, na jibu analitaka kabla ya mwisho wa mwezi. Nilitoka pale nikicheka peke yangu njiani, watu wakanipisha.

Nikafika nyumbani, nikamngoja avue viatu, nikamsimulia yote, mwisho nikamuuliza, "Sasa mume wangu, unasemaje, niende?" Akaniangalia. Akafungua mdomo nikajua sasa jibu linakuja, akasema, "Ngoja nisafishe meno," akaingia bafuni, nikasikia trrrrr. Shangazi, alikuwa hajala.

Tangu siku hiyo sijapata jibu. Nikitaja karakana, trrrrr. Nikitaja mwisho wa mwezi, trrrrr. Nikimwita kwa ile sauti anayoijua kwamba nyuma yake kuna swali, anakuwa ameshafika bafuni. Mwanzoni nilikuwa nasimama mlangoni naongea na mgongo wake, yeye kainama juu ya sinki, maji yanamtiririka kidevuni, ananiinulia kidole kimoja, maana yake subiri, nami nasubiri kama mjinga, na tangi likiisha maji analijaza tena. Siku moja nilimwambia, "Meno gani hayo yasiyoisha?" Akainua kidole kingine.

Halafu kwa kuwa mashine yenyewe inachajiwa na haina haja ya waya, siku hizi haikai tena bafuni, ameihamishia sebuleni pamoja na beseni, tunaangalia taarifa ya habari yeye beseni liko magotini. Nikaficha chaja. Akanunua nyingine, akawa anaichaji kwenye gari la mafunzo, wanafunzi wanajifunza kurudi nyuma huku mashine ya meno ya mwalimu inawaka taa pale mbele. Nikaenda kumshtaki kwa yule daktari wa meno, nikidhani atamwita amwonye, na kweli alimwita, akampanua mdomo, akammulika, kisha akawaita wasaidizi wake wote waje waone ufizi wenye afya unavyopaswa kuwa. Mume wangu alirudi kifua mbele. Nikamwambia, "Hongera, sasa naomba jibu langu." Akasema daktari kamwambia aendelee hivyo hivyo.

Nikaona hili limenishinda, nimwite mama mkwe. Mama mkwe wangu si mtu wa mchezo, Shangazi, ndiye binadamu pekee ambaye akimwita mume wangu huitikia kabla jina halijaisha. Akaja, akaketi, hata chai hakuigusa, akamwambia mwanawe, "Wewe! Mkeo kauliza neno. Aende au asiende?" Mume wangu akawasha. Mama mkwe akamtazama, akaitazama mashine, akalitazama beseni, nami moyoni nikasema leo ndiyo leo, hilo beseni litapaa. Akanyoosha mkono. "Hebu lete hiyo niione."

Mume wangu, kwa adabu zote, akamwekea ncha mpya yenye pete ya kijani, kwa sababu kila mtu anatakiwa kuwa na ya kwake, akapunguza kasi ya maji, akamwambia, "Mama inama kidogo, usifumbe mdomo sana, acha maji yaanguke." Shangazi, mama mkwe ana meno matatu. Aliyashughulikia moja baada ya jingine mpaka chai ikapoa, nikachemsha nyingine, nayo ikapoa. Alipomaliza akajifuta, akasema, "Kumbe inafika mpaka kule nyuma!" Nikamuuliza, "Mama, na lile suala langu?" Akaniangalia kwa huruma kabisa, akanishika hata mkono, kisha akawasha tena. Aliondoka bila kutoa neno, na ncha yake ya kijani iko bafuni kwetu hadi leo, maana anasema atakuwa anapitapita.

Ningevumilia lakini sasa imeingia kwa mtoto. Binti yetu yuko darasa la nne, mwalimu alimuuliza daftari la hesabu liko wapi, akainua kidole kimoja, akavimbisha mashavu, akalia trrrrr mbele ya darasa zima. Tukaitwa shuleni. Mwalimu mkuu akatuuliza, kwa upole tu, tabia hii mtoto kaitoa wapi, mimi nikamgeukia mume wangu, mume wangu akatia mkono ndani ya mfuko wa koti, nikamkamata kiwiko kabla hajaitoa, tukabaki tumeshikana hivyo hivyo, mwalimu mkuu anatutazama.

Na mimi mwenyewe, Shangazi, naona aibu kukuandikia hili. Juzi bosi alipita kwenye cherehani yangu akaniuliza, "Mama, umeamua?" Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikavuta funda kubwa la chai, nikalihifadhi mashavuni, nikamwinulia kidole. Akasubiri, nikasubiri, mwishowe akaenda zake. Chai nikaitema chooni na hapo hapo nikalia.

Mume wangu hanipigi, hanywi, hana nyumba ndogo, na nampenda. Lakini naumia kuishi na mtu ninayemuuliza habari ya maisha yetu akaniinulia kidole. Kazi hii naitaka, Shangazi, naitaka sana, sijawahi kutaka kitu hivi, na bosi kasema mwezi ukiisha sijajibu anampa mwenzangu wa cherehani ya pembeni, ambaye vifungo vyake hudondoka nguo ikifuliwa mara moja. Naogopa nikikubali bila neno la mume nitaitwa mwanamke aliyempanda mumewe kichwani. Niitupe mashine? Niache kazi? Nimwache yeye? Nifanye nini?

Ni mimi,
Mke wa Mwenye Meno Safi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni, ya pili nikiwa nimekasirika. Hasira hiyo nitaigawa. Fungu kubwa ni la mumeo, lakini na lako lipo, kaa vizuri ulipokee.

Mashine usiitupe. Mtu akijificha nyuma ya mlango hatuung'oi mlango. Kifaa kile kimemtibu mtu ufizi na kimekupunguzia harufu kitandani, kiache kifanye kazi yake mara moja kwa siku, jioni, kama wenye akili wanavyofanya. Na ukaangalie mswaki wake kama umekauka, kwa sababu wako watu wakipata mashine huona mswaki umestaafu, na haukustaafu. Mama mkwe naye mwache apitepite. Mama mkwe mwenye meno matatu masafi ni bora kuliko mwenye kinywa kizima cha kukung'atia. Ila usimwite tena kwenye kikao, amekwisha kukuonyesha alivyo: mkali kwa kila jambo isipokuwa lile linaloweza kumwondolea mwanawe mpishi.

Sasa mumeo. Wewe unadhani hajajibu kwa sababu hana jibu. Analo, mwanangu, na analijua vizuri kuliko alama za barabarani. Akisema nenda, basi sufuria, sare za mtoto na kitanda kitupu vyote vinamwangukia yeye. Akisema usiende, atakuwa mwanamume aliyemnyima mkewe ofisi yenye mlango, na jina hilo halitaki. Kwa hiyo anavuta siku. Anataka mwezi uishe, kazi ichukuliwe na huyo wa vifungo vya kudondoka, halafu azime mashine, ajifute kidevu, akwambie, "Pole mke wangu, haikuwa riziki." Atakuwa amekuzuia bila kusema usiende, na wewe utamshukuru kwa kukupa pole! Mumeo si mkatili, ni mwoga, na mwoga ukimpa muda anautumia wote.

Na wewe naye! Umepewa cheo kwa mikono yako mwenyewe, badala ya kukipokea unakizungusha mjini kama bakuli la kuombea. Umemuuliza mume, umemuuliza mama mkwe, umekwenda kumsumbua daktari wa meno wa watu, na sasa unaniuliza mimi. Katika watu wote hao mtu mmoja tu ndiye aliyekuuliza wewe unataka nini, naye ni bosi wako, ukamjibu kwa chai ya mashavuni. Hapo ndipo nilipokasirika.

Kushauriana na mume ni heshima, sikatai, na sikufundishi kuvunja nyumba. Lakini shauri ni la watu wawili, mmoja akikimbilia bafuni limebaki la mmoja. Hujampanda mtu kichwani. Umemngoja, umembembeleza, umemwitia mamaye mzazi. Anayetaka kusema umempanda kichwani mwambie aje ashike beseni jioni moja tu.

Kesho asubuhi nenda kwa bosi, bila kikombe. Mwambie umekubali, kisha muulize mambo ya watu wazima: nyumba ya kukaa iko wapi, nauli ya kurudi kuona familia nani analipa, shule ya mtoto iko karibu kiasi gani, na unaanza lini. Ukitoka hapo pitia shuleni kwa binti yako, mkamwombe radhi mwalimu wake pamoja, na mtoto atamke kwa mdomo wake daftari liko wapi. Huyu ndiye ninayemwogopea kuliko nyote. Ninyi wawili mmejifunza kunyamaza ukubwani, yeye anaanza mapema, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kisha rudi nyumbani umsubiri mumeo. Usimfichie chaja, usimvizie mlangoni, usimpigie kelele. Akifika, chukua hiyo mashine wewe mwenyewe, ijaze maji ya uvuguvugu mpaka juu, mpe mkononi. Atashangaa, lakini ataipokea, maana ameizoea. Mngoje awashe. Mngoje ainame, mdomo ujae. Hapo usimuulize kitu, umeuliza vya kutosha. Mwambie, taratibu na kwa mapenzi, "Mume wangu, ile kazi nimeikubali. Naondoka mwezi ujao na mtoto, nawe nataka tuwe wote, kule nako kuna watu wasiojua kuendesha." Ukimaliza, nyamaza.

Nakuhakikishia ataizima mwenyewe, na tangi likiwa bado limejaa. Mpe taulo, mkae chini, muanze kuzungumza.