Alama Mbili Kwenye Bomba la Kiti

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 12 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limekuonea huruma kidogo. Uliandika kuwa siku hizi unapanda ngazi ukiwa umeshika ukuta. Tangu nisome hayo, kila nipandapo ngazi za maabara naliwaza goti lako kana kwamba ni langu.

Sisi hatujambo. Bibi anasikia kila kitu, hata minong'ono ya jirani, isipokuwa anapoitwa kunywa dawa. Baba naye ni mzima, maneno yake machache kama ulivyoyaacha.

Kazi yangu ya kupima maji naipenda kuliko nilivyotarajia. Kila asubuhi nazunguka visima na matangi kumi na manne, nachota maji kwenye chupa ndogo za kioo, na kuzifikisha maabara kabla ya saa sita. Kwa miguu haiwezekani. Ndiyo maana tangu mwezi wa pili natumia baiskeli yako, ile uliyoiacha imetundikwa ukutani stoo.

Sasa nimefika penye jambo lenyewe, acha niliseme kabla ujasiri haujanitoka. Shangazi, nimeikata.

Tafadhali usiikunje barua. Hukuitwa Twiga bure. Chuma cha juu cha baiskeli ile kilinipita nyonga, na nikikaa kwenye kiti nilizigusa pedali kwa ncha za vidole tu. Ili nisimame nilihitaji jiwe au ukuta. Bibi alikuwa akikaa mlangoni kila asubuhi kunitazama nikiondoka. "Twiga kaondoka," alisema, "kamwachia bata usafiri."

Kisha siku moja kuku alinikatiza mbele ya tangi la tisa. Nilifunga breki. Jiwe halikuwepo, ukuta haukuwepo, nikaanguka kama gunia. Chupa kumi na moja zilivunjika. Mkuu wangu hakunigombeza, ila alisema likitokea tena nitakaa mezani kunakili namba zinazoletwa na wenzangu. Mimi, Shangazi, mezani! Ningekauka.

Nilimwomba Baba ruhusa ya kupunguza fremu. Akanijibu, "Si yangu. Mwandikie mwenyewe."

Sikukuandikia. Niliogopa utasema hapana, na niliogopa zaidi utasema ndiyo kwa sababu umeshakata tamaa ya kurudi. Ulipoondoka, miaka saba iliyopita, ulituambia tusiiguse kwa kuwa utaipanda tena. Baba aliyashika maneno hayo. Hata mimi aliniazima kwa shingo upande, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi bado anaufuta mnyororo na kuutia mafuta. Nilijua kwamba kuikata ni kama kusema hurudi.

Hata hivyo nilikwenda kwa Cheche, fundi wa kuchomelea aliye nyuma ya soko. Nilikwenda na mchoro kwenye karatasi ya mirabamiraba, vipimo vyote vimeandikwa. Usiku uliotangulia nilisimama peku, kisigino ukutani, kitabu katikati ya mapaja, nikajipima mguu mara tatu. Cheche aliusifu mchoro, akaugeuza juu chini, akausifu tena. Kisha akachukua msumeno. Alilipunguza bomba la kiti, akakishusha chuma cha juu kwa nyuma na vile viguzo viwili vinavyoshika gurudumu la nyuma, akachomelea upya, akalainisha kwa tupa. Kazi safi.

Nilipopanda, magoti yakanijia kidevuni.

Cheche akanitazama miguuni. "Dada msomi, kazini huwa unakwenda peku?"

Nilikuwa nimevaa buti zangu za kazini. Nilipima kila kitu, nikasahau soli. Ilibidi tuinue kiti upana wa vidole viwili. Maana yake tumekata baiskeli yako vidole viwili zaidi ya haja, na chuma hakioti tena. Nilicheka pale, lakini njiani nililia.

Baba aliiona jioni. Alipitisha kidole juu ya mahali palipounganishwa, akaingia ndani. Kwa siku mbili alikulia chakula chake stoo. Hata Bibi aliacha habari za bata. Siku ya tatu niliamka nikakuta baiskeli haipo, nikajua ameificha.

Kumbe alikwenda kwa Cheche. Alirudi akiisukuma, na chini ya kiti pana bomba jipya, refu, linaloteleza ndani ya lile nililolikata. Ukilegeza nati moja kiti kinapanda, kinapanda, mpaka nikaingiwa na kizunguzungu. Juu ya bomba hilo amechora alama mbili kwa msumari. Moja ni yangu, nikiwa na buti. Nyingine iko juu sana.

"Hiyo ya dada yangu," alisema. "Sasa ina nafasi ya wote wawili."

Bibi akauliza amepimaje mtu asiyekuwepo. Baba akasema mliwahi kuvaa suruali moja kwa zamu miaka minne, kwa hiyo mguu wako anaujua. Bibi akamjibu kuwa watu wakizeeka wanafupika, na kwamba yeye mwenyewe amepoteza nusu yake. Wanabishana mpaka leo, na nyumba imechangamka tena.

Nami naenda kazini, Shangazi. Nikisimama, miguu yote miwili inagusa chini. Sijavunja hata chupa moja.

Nisamehe kwa kutouliza kwanza. Wasalimie binamu zangu wawili, na yule mdogo mwambie Bibi hajasahau ugomvi wao wa gololi. Baba anakusalimu, na Bibi anakuombea goti na kila kilicho juu yake. Mungu akutunze na akulainishie ngazi.

Nakuomba kitu kimoja tu. Simama, kisigino ukutani, kitabu katikati ya mapaja, jipime mguu, utuandikie namba, ili tujue alama ya Baba ni sahihi. Ila usijipime peku. Vaa viatu utakavyorudi navyo.

Anayekupenda kwa miguu yake mifupi,
Bata wako.