Namtafuta Elia kwa jina ambalo huku halijulikani

Jumatano. Mawingu yameshuka hadi ziwani, na kwa kuwa mwezi ni mpevu maboti hayatoki kuvua. Hakuna dagaa, hakuna magunia ya kubeba. Kibirizi, mwalo tunaposhushia mizigo, imepoa. Nimechoka hata kwa kukaa.

Mama amepiga tena kutoka Singida. Anaumwa, na anataka kusikia sauti ya Elia, mdogo wangu, aliyetangulia kuja huku kubeba mizigo kisha akanyamaza. Mimi nilikuja kumfuata, nikabaki kubeba.

"Una simu kubwa, mwanangu," amesema. "Humo si kuna kila kitu?"

Kuna kila kitu, isipokuwa Elia.

Niliishia darasa la tano, lakini jina najua kuliandika. Nikiliandika mtandaoni naletewa mchungaji, mcheza mpira na tangazo la viwanja. Kule watu wanakoweka picha zao, akina Elia ni wengi, wana miwani na magari. Mmoja nilimwandikia, akajibu kwamba yeye ni wa Mombasa na ataniombea.

Simu hii iliwahi kunitajia nauli ya treni na kunionyesha namna ya kukanda bega. Nikadhani na watu inawajua.

Leo nimekwenda kwa Mama Zawadi, anayeanika dagaa hapa mwaloni na anayemjua kila mbebaji. Nimemwamkia, nikamtajia Elia, jina lile lile nililouliza mpaka Ujiji.

"Hilo la kanisani liache, Singida," amesema. "Hapa walimwita nani?"

Sijui.

Miezi mitatu nauliza jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Laiti ningekuja kwake siku ya kwanza. Wabebaji huku tunaitwa kwa tulikotoka, au kwa kilema, na mimi nalijua hilo, maana naitikia kila siku.

Akakumbuka kijana mmoja aliyeitwa Mkimya, mwenye kovu shingoni. Alipanda boti la kwenda kusini kabla ya mvua, hajaonekana tena. Elia hakuwa na kovu alipoondoka nyumbani. Lakini alikuwa mkimya.

Kusini huko, wanasema, simu haishiki.

Mama atapiga asubuhi. Sina la kumwambia kuhusu Elia. Nitamwambia tu kwamba mimi hapa naitwa Singida, alishike hilo, asije siku moja akaniulizia kwa jina alilonipa.