Lengalenga Zimeungua

Likasi

Mke wangu Kibibi,

Nakusalimu wewe na watoto huko Kindu. Mimi ni mzima, kikohozi tu.

Mbegu za lengalenga ulizonitumia ziliota vizuri. Sikutaka mbolea ya dukani, nikaimwagia miche mavi ya kuku, mengi, siku ileile niliyoyazoa bandani. Siku ya tatu yote ilikauka. Jirani yangu, Mama Clotilde, alicheka: “Papa Aruna, mavi ya kuku iko moto! Inalala kwanza miezi mbili. Weye umepika mboga mbele ya kuvuna!”

Nikacheka naye. Lakini kazi ya kupasua mawe iliisha mwezi uliopita, na bustani ile ndiyo ingewalisha. Msipande treni. Kama umeshafunga mizigo, ifungue.

Mumeo,
Aruna