Kazi Yangu ya Farasi, Lanet

Landi, Nyumba za Reli,
Nakuru.
14 Julai, 1957

Mpendwa dada yangu Truphosa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, na shemeji Obura hajambo? Mwanao Anyango bado anakohoa, au baridi ya Jinja imemwachia? Sisi hapa tu wazima, isipokuwa mimi ninayeandika barua hii nimesimama dirishani. Usishtuke, si ugonjwa. Ni farasi.

Ndiyo, kazi nimepata. Bwana Peterson wa Lanet hukodisha farasi kwa wageni wa mahoteli, nami ndiye ninayewaongoza hadi ukingo wa shimo la Menengai na kuwarudisha. Nilipewa mwezi mmoja wa kujaribiwa. Dada, hii si kazi ya mchezo! Kabla jua halijachomoza nimeshachota maji, nimesugua farasi wanane na kubeba matandiko yao, na safari haijaanza bado. Mapaja yamechubuka yote. Siku ya kwanza nilipandia upande huu nikaangukia upande wa pili, na mzee Kiprugut, mkubwa wa zizi, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini napenda kazi hii, sitaki kukuficha.

Uliuliza habari za baba. Kwa wiki tatu hakunisemesha. Unajua alivyoniombea nafasi ya kutia makaa kwenye gari moshi, kazi aliyoifanya mwenyewe miaka ishirini na mitatu, nami nikakataa. Alimwambia mama, "Mtoto wako ameacha injini akafuata mkia." Mbele ya watu nilicheka, ila iliniuma sana. Mtu anaweza kuwa na nguvu za ng'ombe, lakini bila baraka ya mzazi hafiki mbali.

Sasa sikia ya Jumamosi ile nyingine. Nilikuwa na wageni watatu, na mmoja wao, mama mnene, alikuwa amepanda farasi mwepesi wa kushtuka. Pale tunapovuka reli pana kona, huwezi kuliona gari linalotoka Gilgil. Palikuwa kimya. Mgeni mmoja akaniambia, "Haya, kwenda, kwenda!" Mimi nikakumbuka maneno ya baba tulipokuwa wadogo, kwamba gari linalopanda mlima hujitangaza lenyewe, bali uogope lile linaloteremka, maana limefungiwa mvuke, huja kimya. Nikashuka, nikaweka kiganja juu ya reli. Ilikuwa inatetemeka.

Nikapiga kelele, "Rudini nyuma!" Mgeni yule alinitukana, lakini walirudi. Nilikuwa nimeshika hatamu za yule farasi mwoga kwa mikono yote miwili wakati gari la mizigo lilipotokea ghafla na kupiga filimbi. Farasi aliniburuta mpaka kwenye miiba, sikumwachia. Mama yule alibaki juu ya tandiko, mweupe kuliko alivyozaliwa.

Bwana Peterson hakungoja mwezi uishe. Ameniandika kazi.

Nyumbani sikusema neno, nikiogopa baba ataona najisifu. Kumbe mtia makaa wa gari lile alikuwa Ndung'u, yule aliyefundishwa kazi na baba, naye alinitambua. Alikwenda kumweleza yote.

Jana jioni nikiwa nalisha, nikamwona baba amesimama nje ya uzio. Alikuwa ametoka mjini kwa miguu, na magoti yake unayajua. Alimtazama farasi kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Huyu anakula nini?"

"Nyasi na shayiri, baba."

"Afadhali. Yangu ilikula makaa, halafu ikala mgongo wangu."

Akapitisha mkono kati ya mbao, akampapasa farasi shingoni. Kisha akaushika mkono wangu, akaugeuza, akaangalia malengelenge, akasema, "Fanya kazi, mwanangu." Dada, nililia, na sioni haya kukuambia.

Nilikuwa nimeanza barua ya kukuomba umwandikie baba unitetee. Nimeichana. Mwandikie tu umshukuru.

Mama anakusalimu sana. Mdogo wetu Nasimiyu anataka kitambaa cha maua kutoka huko, nami nimemwambia aombe mwenyewe. Nisalimie shemeji, na Anyango mwambie mjomba wake sasa anatazama watu kutoka juu. Mungu aliyeniondoa kwenye reli awalinde nanyi huko mliko, mlale na kuamka salama.

Wako akupendaye daima,
ndugu yako,
Wycliffe Masinde