Bipu Moja Kutoka Jiweni

Baba,

Wameleta mtandao mpya Kasese. Unaenda mbio, wanasema. Walikuja na lori la muziki, wakagawa fulana, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti akatuambia sasa tutaangalia mpira kwenye simu bila kukwama. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimetoka Bwera kufuata mzigo wa vitenge, nikasimama pale nalia kama mjinga.

Nilimwuliza, na kule kwetu, juu ya Nyakalengija? Akasema wanaanza kwanza na mjini. Kwanza! Unajua hasira zangu, Baba. Nilimwambia mtoto hafundishwi mbio kabla hajasimama, nikaondoka bila fulana yao.

Sisemi hiyo kasi ni bure. Pale soko la Mpondwe nikituma picha za vitenge, mteja wangu wa upande wa Kongo anachagua hata kabla sijavuka. Inanisaidia, sikatai. Lakini wewe ulihitaji nini? Bipu mbili tu.

Jiwe letu bado liko katikati ya kahawa, na bado ni hapo tu simu inashika. Kila jioni ulipanda na gambuti zako, mkono juu kama mtu anayechuma parachichi. Nilipoolewa Bwera ulinipa sheria: "Mutoto yangu, bipu moja, tuko salama, usipige. Bipu mbili, piga haraka." Miaka yote hiyo, bipu moja kila jioni. Ikichelewa, nilikuwa siweki simu chini.

Siku ile ilikuwa ya soko. Bipu yako iliingia saa nane mchana. Saa nane, Baba! Wewe hukuwahi kubipu mchana. Ningepaswa kujiuliza. Lakini niliona jina lako, nikangoja kidogo, ya pili haikuja. Nikacheka, nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili kwamba mzee wangu leo amenikumbuka mapema. Nikaendelea kupima vitambaa.

Mama alinieleza baada ya mazishi. Kifua kilikubana, ukamtuma yeye jiweni. Ya kwanza ilipita. Ya pili ikakataa. Alijaribu, akajaribu, mpaka simu ikazimika mkononi. Aliporudi alikukuta umeketi mlangoni, umevaa koti lako la kwenda hospitali, vifungo vyote umefunga. Ukamwambia, "Ameshaona. Iko njiani." Akataka kuwaita majirani wakubebe, ukakataa, ukasema Biira anakuja na gari.

Biira alikuwa anapima vitambaa.

Nisamehe. Mama anasema haikuwa kosa langu, mchungaji naye anasema hivyo hivyo. Nawasikia. Lakini ikifika saa nane mchana naacha kupima nikaiangalia simu, na wateja wanauliza kama naumwa.

Tumewaandikia barua wale wenye mtandao, Baba, watu wa kijiji chote. Mama ndiye aliyeweka dole gumba la kwanza. Hatukuomba mbio. Tumeomba simu ishike ndani ya nyumba, ili mtu akiugua asitafutiwe mtoto wake juu ya jiwe. Hawajajibu. Nitaipeleka tena, na tena, mpaka wachoke na sura yangu.

Na sheria yako nimeivunja. Sasa Mama akibipu mara moja, napiga. Simu ikikataa, napanda boda. Juzi nilifika nimeloa chapachapa, nikamkuta anamenya muhogo. Eh, alinicheka! Alikuwa ananisalimia tu. Acha anicheke. Nilikaa, nikala ule muhogo, nikarudi Bwera usiku umeshaingia.

Pumzika sasa, Baba. Koti lako nimelitundika mlangoni kwangu, nalipita kila asubuhi. Nakuahidi hili moja: Mama hatavaa koti lake akaketi mlangoni kuningoja, halafu nisifike.

Mutoto yako,
Biira