Labeka Yangu

Mlandege, 14 Novemba 1968

Kaka Mabrouk,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama amepata miwani, sasa anasoma mpaka makaratasi ya kufungia njugu.

Nimeacha kazi ya serikali. Natia vifungo kwa Bi. Shemsa, mshonaji wa hapa Mlandege. Mkuu wetu aliniuliza, "Mwanakheir, serikali unaiacha kwa sindano?"

Ofisini tulikuwa tukiitwa majina kila asubuhi, mimi na marehemu mume wangu, Pandu, katika daftari moja. Baada ya mazishi karani alisahau, akamwita Pandu. Ikasikika "Naam" nyuma yangu, taratibu, na kile kikohozi chake. Watu wakamgeukia Bakar, maana ndiye mcheshi wetu. Akaapa, "Wallahi si mimi!" Jina likafutwa. Kesho yake karani alilipita, na naam ikasikika vilevile.

Nilivumilia miezi miwili. Nilipoanza kuamka nikiingoja naam yake, niliogopa, nikaondoka. Hapa dukani hakuna anayeita majina.

Jana Bakar alikuja kuchukua suruali yake. Hakutania.

"Bi. Mwanakheir, daftarini bado hujafutwa. Asubuhi karani kasahau, kakuita."

"Si ungemwambia nshaondoka!"

"Ningemwambiaje? Uliitika. Tulisikia naam ya Pandu, kisha labeka yako."

Leo Bi. Shemsa ameniita mara mbili. Nimefungua mdomo, sauti haikutoka.

Kaka, ukiomba dua, nikumbuke.

Mdogo wako,
Mwanakheir