Nyumba Thelathini na Moja za Ng'ambo

Karnataka, India, 9 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila pilipili za huku zinanitoa machozi.

Mama, huwezi kuamini! Chuo kimenituma kuhesabu watu wa kijiji, nami nimekuta watu wenye sura zetu. Juu kilimani wanakaa wenye mashamba ya popoo, zile za kutafuna na tambuu, katikati wakulima wadogo na wafinyanzi, na ng'ambo ya kijito Wasiddi, ambao mababu zao walitoka Afrika zamani sana. Miongoni mwao kuna Wahindu, Waislamu na Wakristo, na wanaoana! Bibi mmoja, Husenbi, alinishika nywele akauliza, "Wewe ni wa nyumba ya nani?" Mwalimu Nagaraj, mkalimani wangu, alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini karani wa kijiji kanipa orodha ya nyumba 212, na Wasiddi hawamo. "Hao watu wa msituni," anasema. "Waache." Na baraza litatumia hesabu yangu kuamua bomba la maji lipite wapi. Nifanyeje?

Binti yako,
Ariane

Jordbro, Uswidi, 12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti afadhali, baridi tu ndiyo inalichokoza. Barua yako nimeisomea kwenye simu, ndani ya treni, nikitoka kazini kutunza wazee, nikapitiliza kituo! Kaka yako Roméo nimemsimulia. Kanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba naye anataka kuja.

Sasa nisikilize. Kuna jambo sijawahi kukuambia. Kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania, siku ya kuhesabiwa, nilikuwa nimelazwa na surua. Tulikuwa sita, wakaandika watano. Bibi yako akamwambia mwandishi, "Nina mwingine." Akajibiwa, "Simwoni." Miezi minane tulikula posho ya watu watano, na bibi yako kila jioni alisema ameshiba.

Vuka hicho kijito, Ariane. Andika majina, siyo idadi tu.

Mama yako,
Fébronie

Jordbro, 5 Machi

Ariane wangu,

Hujambo? Wiki tatu kimya. Perpétue wa kanisani ananiuliza habari zako kila Jumapili. Naogopa nimekutia kwenye ugomvi na wakubwa wa watu. Niandikie hata neno moja.

Mama

Karnataka, 11 Machi

Mama,

Shikamoo, na unisamehe! Karani alikasirika, akanitoa kwenye nyumba ya wageni. Nikahamia kwa Husenbi, ambako simu haishiki kabisa. Nyumba thelathini na moja, Mama! Watu mia moja sitini na tisa, na kila mmoja nimemwandika jina.

Jana kulikuwa na mkutano wa kijiji. Karani akasimama: "Huyu mgeni kabuni majina!" Mwenyekiti, mama wa kule kilimani, akasema, "Basi ayasome." Nikasoma la kwanza. Nyuma ya ukumbi mtu akasimama: "Nipo!" La pili: "Nipo!" Walikuwa wamevuka karibu wote, watoto wamebebwa mabegani. Nilisoma nikilia na kucheka. Mwenyekiti akaamua: bomba litafika ng'ambo, na karani aandike majina yote kwenye orodha yake.

Karani alikuwa ameshafika jina la mwisho Husenbi alipoingia mbio, sari imelowa hadi magotini. Mjukuu wake alikuwa amejifungua, muda ule ule!

"Mia moja na sabini!" akapaza sauti.

Ukumbi mzima ukamgeukia karani. Akaishika tena kalamu yake.

"Anaitwa nani?"

"Bado hatujampa jina."

"Basi namwachia nafasi," akasema, na akaacha mstari mzima.

Binti yako,
Ariane